Mdomo wa Kuonjea Ugoro

Kama hujawahi kununua ugoro Kianjai, wacha nikueleze kwanza, maana bila hili hutaelewa Ciakuthii alinaswa na nini, na mimi utaniona mtu wa kulaumu wazee bure. Kwetu ugoro haununuliwi kama chumvi. Mnunuzi anasimama mbele ya kibanda, muuzaji anafungua mkebe, anachota kwa vidole viwili, anavuta mdomo wake wa chini na kuutia hapo, mnunuzi akiona. Anangoja kidogo, anatema pembeni. Ndipo unapimiwa wako. Wazee wanasema zamani kuna mtu alitiliwa sumu ndani ya ugoro, na tangu hapo hakuna anayepokea kutoka kwa mtu ambaye hajaanza yeye. Usipoonja, una jambo. Hata ukiwa ndugu yake wa tumbo moja, atarudisha pesa zake mfukoni aende zake.

Mimi nauza njahi, yale maharagwe meusi, na ndengu. Kibanda changu na cha Kirimi, mume wa Ciakuthii, vilitenganishwa na gunia lililoning'inizwa tu, kwa hivyo haya ninayosema sikusimuliwa na mtu. Niliyaona, mengine niliyasikia kupitia hilo gunia, na kama kusikia ni kosa, basi wangejenga ukuta.

Kirimi alikuwa mchumaji wa miraa. Alikuwa mwepesi, wa kupanda hadi matawi ya juu ambayo wengine waliyaogopa, mpaka siku tawi lilipovunjika akaanguka nalo. Nyonga ikaunga vibaya. Mtu wa nyonga ile hapandi mti tena, na jembe halimtaki. Marehemu baba yake alikuwa akisaga ugoro, jiwe lilikuwa bado liko nyuma ya nyumba, basi Kirimi akaketi hapo akaanza kusaga tumbaku na magadi, na kazi ikawa hiyo. Mkewe, Ciakuthii, alitoka Mbeere, huko chini Ishiara kwenye jua. Alipoolewa tulimcheka kwa lugha yake, naye akatucheka kwa baridi yetu, akisema watu wa huku wanavaa sweta hata wakilala. Alikuwa mtu wa mzaha. Nilimpenda kwa hilo, kwa sababu mimi ulimi wangu ni mkali na wanawake wengi hawanivumilii.

Sasa, nyumba ya akina Kirimi ilikuwa na neno lake. Baba yake, Mutugi, ambaye mtoto wa kwanza wa Kirimi alipewa jina lake, alikufa na kidonda cha mdomo. Kilianza kidogo kwenye ufizi, kikala shavu, mpaka mwisho walimlisha kwa kijiko na bado uji ulitokea pembeni. Kisha kaka yake Kirimi akaanza vilevile, mahali palepale. Wazee wakakaa, wakasema ni laana. Eti babu yao alimnyima dada yake chakula mwaka wa njaa, na yule dada akalaani vinywa vya uzao wake wote. Mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa, na ili kuonyesha kinyongo kimeisha, wazee wakapitisha ugoro mkono kwa mkono, kaka yake Kirimi naye akawekewa wake kwenye kile kidonda. Haki ya Mungu, niliona kwa macho yangu. Alizikwa kabla ya mahindi kukomaa.

Kwa hivyo Ciakuthii alikuwa akimchungulia Kirimi mdomo kama mtu anayechungulia chungu. Hakutaka kitu kingine duniani. Watoto wasome, mvua inyeshe, hayo aliyasema kama kila mtu. Lakini jambo lililomnyima raha lilikuwa moja, kwamba mumewe asife kifo cha baba yake. Na mwaka wa tisini na tano, Kirimi akicheka jambo alilosema Mzee Muthamia, mnunuzi wake wa kila siku ya soko, Ciakuthii akaona doa jeupe ndani ya mdomo wa chini, pale pale panapowekwa ugoro.

Hakungoja wazee. Alimpeleka Meru mjini, kwa daktari wa meno aliyeitwa Njiru, na mimi akaniomba niende nao, kwa sababu Kirimi alikuwa mtu wa kusema "nimeelewa" wakati hajaelewa hata nusu. Daktari alikuwa kijana wa Embu, jirani na Mbeere, mpole. Ciakuthii alimsalimia kwa lugha ya kwao, naye akamwita mama, na mambo yakawa mepesi. Akamkagua Kirimi kwa taa. Akasema bado si kansa, lakini ni mahali ambapo kansa hupenda kuanzia.

"Baba Mutugi," akasema, "ukiacha ugoro leo, kabisa, kuna nafasi nzuri doa hili lipotee. Ukiendelea, sikuahidi kitu."

Kirimi akauliza swali ambalo kila mwanamume wa Kianjai angeuliza. "Daktari, na Mzee Muthamia je? Ameweka ugoro tangu enzi za Mzungu. Mdomo wake ni safi. Mbona ni nyumba yetu tu? Si ndiyo maana wanasema ni laana?"

Daktari hakumcheka. Alisema tumbaku ina sumu, na mwili una kazi ya kuivunja hiyo sumu na kuitoa, lakini watu hatukuzaliwa sawa. Kuna ambaye mwili wake unaitoa haraka, na kuna ambaye unaichelewesha, ikakaa ikiharibu nyama. Hilo mtu hulirithi kwa baba na mama, kama anavyorithi kimo au pua. Wataalamu ndio sasa wanaanza kulichunguza, akasema, na hapa Meru hakuna mashine ya kupima damu ya mtu ikajua yuko upande gani. Lakini akiona baba amekufa hivi na kaka amekufa hivi, yeye kama daktari anashuku. "Na baba yako alikuwa anakunywa?" akauliza. Kirimi akakubali. Pombe ya miwa, kila jioni. "Basi," daktari akasema, "pombe hulegeza ngozi ya mdomo, sumu ikapenya vizuri. Kurithi peke yake hakungemuua. Vilikutana."

Mimi nilisikia neno hilo, vilikutana. Ciakuthii alisikia neno lingine.

Tulikuwa tumekaa nje ya hospitali tukila ndizi za kuchoma, Kirimi ameenda chooni, akaniambia, "Purity, ni damu yao."

"Daktari amesema damu na ugoro."

"Amesema miili haifanani. Mimi si wa damu yao. Nyanya yangu huko Mbeere aliweka ugoro mpaka akasahau umri wake, na alikufa kwa uzee tu. Mama yangu vilevile anaweka. Nitaonja mimi."

Nikamwambia kwamba daktari hakusema hivyo. Akanijibu kwamba mimi nilisikia kama mtu ambaye bwanake ni mzima. Na ilikuwa kweli.

Unaweza kuuliza kwa nini hawakuacha biashara yenyewe. Hilo nami nililiuliza, na nikaliuliza kwa sauti. Wangefanya nini? Shamba lao lilikuwa kipande cha mawe. Mtaji wa kuanza kingine haukuwepo, na Kirimi hakuweza kusimama muda wa kuuza hata nyanya. Alichokuwa nacho ni jiwe la kusagia, na jina la baba yake, kwa sababu ugoro wa Mutugi ulijulikana hadi Kiirua.

Siku ya kwanza Ciakuthii alipochukua mkebe, wazee walinuna. Mwanamke aonje? Mzee Muthamia akasimama akifikiri, fimbo yake kidevuni, na mimi nikaomba kimoyomoyo akatae. Angekataa yeye, wote wangekataa, na hiyo biashara ingekufa siku hiyo. Lakini mzee akajiona mwenye hekima. Akasema mke na mume ni mdomo mmoja, akionja mke ameonja mume. Wote wakacheka, wakakubali. Ciakuthii akavuta mdomo, akaweka, akatapika nyuma ya kibanda changu, akarudi akamwonjea mwingine.

Kwa Kirimi mambo yalikwenda vizuri, siwezi kudanganya. Aliacha ugoro, akaacha pombe pia. Ciakuthii akawa anampikia terere na managu, kila siku majani mabichi, kwa sababu daktari alitaja mboga na matunda, mpaka Kirimi akalalamika kwamba anafugwa kama sungura. Doa likafifia. Waliporudi kwa daktari lilikuwa limebaki kama alama ya maziwa, na baadaye likaisha kabisa. Ciakuthii alimfungua mdomo pale sokoni, mbele yangu, aniridhishe. "Tazama. Kama wa mtoto," akasema, akapiga kigelegele, na watu wakageuka.

Lakini ugoro si mgeni wa kukaa mlangoni. Mwanzo Ciakuthii alitema haraka. Halafu akawa hatemi haraka. Halafu nikaona anaweka hata kama hakuna mnunuzi, asubuhi kabla ya chai, na kanisani anatoka nje katikati ya mahubiri akisingizia mtoto. Kirimi wakati wake alionja mara moja kwa kila mnunuzi, yakaisha, sasa kila mtu alitaka kuona mama akionja, ikawa burudani, wanamzungusha, "Mama Mutugi, na huu wa mkebe wa pili je?" Naye anaonja na huo. Kwa siku moja alikuwa akiweka mdomoni mwingi kuliko Kirimi alivyowahi kuweka kwa juma. Nilimgombeza. Aliniambia nitunze njahi zangu.

Na Kirimi, kwa wema wake, alikuwa na neno moja ambalo alilirudia jioni wakifunga. "Ukichoka niambie, Mama Mutugi. Nitarudi mimi." Alisema kwa upendo. Mimi upande wa pili wa gunia nilikuwa nikisikia Ciakuthii akifungiwa mlango, maana akisema amechoka, Kirimi ataonja.

Mwishoni mwa tisini na saba mvua kubwa ilianza, ile ambayo watu bado wanaitaja kwa jina lake la kigeni. Soko likawa tope. Tulikuwa tunakunywa uji kwangu, nikaona Ciakuthii anaupuliza mpaka unapoa kabisa, kisha anaunywa kwa upande mmoja. Nikatazama. Siku nyingine akakataa pilipili, mtu wa Mbeere ambaye alikuwa akitafuna pilipili akitucheka. Nikamwambia fungua mdomo. Akasema wacha upuuzi. Mimi si mtu wa kubembeleza, nikamshika kidevu nikavuta ule mdomo. Lilikuwa doa jeupe lenye wekundu katikati, na kingo zake ngumu kwenye kidole changu. Halikuwa kama la Kirimi. Lilikuwa baya zaidi.

"Tangu lini?"

Alisema, "Ukimwambia, kesho ataonja yeye."

"Na usipomwambia utakufa."

"Yeye ndiye ana ile damu, Purity. Akirudia hata kidogo, atakwenda kama kaka yake. Mimi labda ni kidonda tu. Labda ni magadi yamezidi."

Nilikasirika. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, na watu walikuwa wakipita wakiuliza bei ya ndengu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nikamwambia. Akasema methali ninazijua, basi nimpe pia ya kumfanya Kirimi asionje. Nikaenda nyumbani na hiyo siri. Nikisema, nimemwua Kirimi. Nikinyamaza, nimemwua Ciakuthii. Kila siku ya soko nilimsikia akivuta mkebe, na kila aliposema "karibu mzee," mimi nilikuwa nikihesabu njahi moja moja ili nisisikie.

Mwisho nilimdanganya Kirimi kwamba tunaenda kutafuta mbegu, nikampeleka Ciakuthii Meru kwa nguvu, nusu ya safari tukitembea kwa sababu magari yalikwama. Daktari Njiru alimkagua. Kisha akakata kipande kidogo cha kupima, na tuliporudi kuchukua majibu alikaa karibu naye, si ng'ambo ya meza.

"Ni saratani, mama."

"Lakini mimi si wa damu yao," Ciakuthii akasema. Alisema kama mtu aliyepewa mzigo wa mwingine kwa makosa. "Ulisema miili haifanani."

"Nilisema. Sikusema kuna mwili wa chuma. Damu yako nani aliipima?"

"Nyanya yangu—"

"Nyanya yako ni nyanya yako. Una pia upande wa baba, una na damu ya watu usiowajua. Hata kama umerithi mwili mzuri, mama, umeutilia ugoro mwingi kuliko mwili wowote unavyoweza kutoa." Akasugua macho. Naona hata yeye alikuwa akijiuliza kama alisema vibaya ile siku ya kwanza, na mimi nilitamani kumwambia hapana, alisema sawasawa. "Mwenye kurithi vibaya akila kidogo, na mwenye kurithi vizuri akila kingi, wote wanaweza kufika mahali pamoja."

Ilibidi apelekwe Nairobi kukatwa. Mvua ikakata barabara, tukangoja. Hapo Kirimi hakuweza kufichwa tena. Ciakuthii alimwambia mwenyewe, kibandani, wakiwa wawili, na mimi nyuma ya gunia.

"Kwa nini hukuniambia?" Kirimi akauliza.

"Ungeonja."

"Ndiyo," akasema. "Ningeonja."

Nilipochungulia walikuwa wameketi wakitazama mvua, na mkono wa mmoja uko juu ya goti la mwingine, jambo ambalo watu wa huku hawafanyi hadharani.

Nairobi walimkata mdomo wa chini na kipande cha mfupa wa taya. Alirudi baada ya miezi, amejifunga leso usoni, ikibaki macho tu. Maneno yake yalikuwa yakitoka kama yanapita kwenye maji, na watu waliojifanya hawamsikii niliwasemea mimi maneno yake. Kibanda kilikuwa kimefungwa muda wote huo. Unga uliisha. Watoto walirudishwa nyumbani kutoka shule, wakawa wanakaa kizingitini wakitazama njia. Ndugu walisaidia, kisha wakachoka kusaidia, kama ndugu wa kila mahali.

Basi siku moja ya soko nikafika nikakuta Kirimi amefungua. Alikuwa amesaga usiku, harufu ilikuwa mbichi. Hakunitazama. Akasema ni leo tu, apate unga wa watoto, kisha atafikiri. Ciakuthii alikuwa nyumbani, hakuambiwa. Mimi nikafungua kinywa nimtukane, nikakosa tusi la kumtosha mtu mwenye njaa.

Mzee Muthamia alikuwa wa kwanza. Alifurahi kweli, alikuwa amekosa ugoro wa Mutugi muda mrefu. Akapiga fimbo chini, akatoa kikopo chake, akasema, "Haya, Kirimi. Onja kwanza."

"Mzee," nikasema, "leo mwache. Unajua yaliyotokea."

"Najua, na nimewaombea," akasema, na alikuwa hasemi uongo. "Lakini nikipokea bila kuonjwa, kesho watasema nini? Desturi si yangu peke yangu. Mimi nimeuweka miaka yote hii, uniangalie. Ile ni bahati mbaya ya nyumba."

Kirimi akafungua mkebe. Akachota kwa vidole viwili. Niliona mkono wake ukipanda, na niliona kwamba mdomo wake umekwisha kufunguka wenyewe, kwa mazoea, baada ya miaka yote hiyo.

Ciakuthii alitokea nyuma yangu. Sijui nani alimwambia, labda harufu ilimfikia. Hakukimbia. Alisimama kati ya Muthamia na mumewe, akafungua lile fundo la leso kichwani, akaivuta usoni ikashuka shingoni.

Nilikuwa sijauona uso ule bado. Hakuna aliyekuwa ameona. Meno ya chini yalikuwa wazi, na pale palipokuwa mdomo palikuwa na ngozi iliyoshonwa kutoka kwingine, na mate yalikuwa yakishuka kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuyazuia. Akamtazama Mzee Muthamia. Kisha akasema, na siku hiyo hakuna aliyejifanya hasikii, "Nimeonja."

Mzee alitazama chini. Ciakuthii akageuka, akaushika mkono wa Kirimi uliokuwa bado hewani, akapangusa vile vidole kwa sketi yake, kimoja halafu kingine, mpaka vikawa safi. Kirimi alilia mbele ya watu. Akafunga mkebe.

Mzee Muthamia akasema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Halafu akachukua kikopo chake, akavuka soko polepole hadi upande wa mbuzi, ambako kijana mmoja wa Kiirua alikuwa ameanza kuuza ugoro. Nilimfuata kwa macho. Kijana alivuta mdomo wake wa chini, akaweka, akatema, na mzee akapimiwa.